Betri Isiyo na Mlinzi: Mazungumzo na Wakazi wa Pwani ya Mtwara



Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kisichozidi kidole gumba: betri ya litiamu ya mviringo, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Jina lake, 18650, limetokana na vipimo hivyo. Kwetu huku imo katika tochi za kichwani, katika spika za kuchaji, na katika taa ambazo mafundi huziunga kwa ajili ya uvuvi wa usiku. Imo pia katika baadhi ya sigara za kielektroniki, na humo ndimo hatari yake huonekana wazi kuliko kwingine. Nitaanzia huko. Sikuja kuhubiri juu ya uvutaji. Kazi hiyo ina wenyewe katika Wizara ya Afya. Nitasema tu, kwa faida ya wanaosafiri, kwamba jirani zetu wa Uganda wamepiga marufuku bidhaa hizo kwa sheria yao ya mwaka 2015.

Vifaa vingi vya umeme vina saketi ndogo ndani yake. Betri ikipata moto kupita kiasi, au umeme ukitoka kwa kasi isiyofaa, saketi hukata. Ipo, hata hivyo, aina ya sigara ya kielektroniki isiyo na saketi yoyote. Ni bomba la chuma, kitufe, na waya uliosokotwa uitwao koili. Ukibonyeza kitufe, betri huumwaga umeme wote ambao koili inaweza kuupitisha. Hakuna wa kuizuia isipokuwa hesabu ya mtu aliyeisokota.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawanya namba hiyo kwa ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu, utapata ampea zitakazotoka. Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4. Ya omu 0.2 huvuta ampea 21. Ya omu 0.1, ambayo hutafutwa kwa sababu ya wingi wa mvuke wake, huvuta ampea 42, yaani takribani mara mbili ya kile ambacho betri nyingi nzuri za ukubwa huu zimeruhusiwa kubeba mfululizo. Waya mnene zaidi hupunguza ukinzani. Mizunguko michache hupunguza ukinzani. Koili mbili zinazolingana zikifungwa sambamba, ukinzani hushuka hadi nusu. Asiye na kipimo cha omu hajui alichokitengeneza.

Hapo ndipo mnunuzi hupotoshwa dukani. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ganda ni ya miliampea-saa, yaani akiba ya betri. Namba ya ampea, inayoeleza mzigo inaoweza kubeba, mara nyingi haionekani kabisa. Kampuni ya Samsung, kwa mfano, hutengeneza 35E yenye akiba ya 3,500 lakini inayobeba ampea 8 tu, na 25R yenye akiba ya 2,500 inayobeba ampea 20. Mtu anayechagua kwa kutazama akiba peke yake ataondoka na ile isiyofaa, na ataamini kuwa amepata iliyo bora.

Na ukiona betri ya ukubwa huu imeandikwa 9,900, irudishe mezani. Betri nyingi halali za ukubwa huu huishia karibu na 3,500. Za uongo zimewahi kupasuliwa zikakutwa na seli ndogo ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Mizani ya sonara inaweza kusoma uzito mdogo namna hiyo. Nyingine ni kuukuu, zimechomolewa katika kompyuta mpakato na kuvikwa ganda jipya.

Ganda hilo la plastiki lina kazi kubwa kuliko urembo. Chuma chote cha ubavuni ni upande hasi wa betri, nao unafika hadi ukingoni mwa ncha chanya. Ganda likichanika hapo, funguo au sarafu mfukoni yatosha kuunganisha pande mbili. Serikali ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka kati ya mwaka 2009 na 2016, na watu 133 walijeruhiwa. Mei 2018, mkazi mmoja wa St. Petersburg, Florida, alifariki baada ya kipande cha kifaa kisicho na saketi kumpiga kichwani. Januari 2021, tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo iliwaonya wananchi wasinunue kabisa betri hizi zikiwa pekee pekee, kwa kuwa zimetengenezwa ziwe sehemu ya kifaa kilichofungwa.

Ushauri wangu kuhusu kifaa kisicho na saketi ni mfupi: usikitumie.

Taa na tochi ni jambo jingine, kwa sababu mvuvi hawezi kuziacha. Nunua taa iliyofungwa kiwandani pamoja na betri na chaja yake, na udai risiti. Taa ya kuungwa na fundi, muulize kama ameweka saketi ya ulinzi, akisita, umeshajibiwa. Betri iliyolowa maji ya chumvi isichajiwe tena hata ikionekana imekauka. Iliyovimba, iliyobonyea au inayopata moto bila kutumika itolewe ndani ya nyumba. Usiku wa kuchaji, isikae karibu na neti wala mkeka.

Bidhaa usiyoiamini ilete katika ofisi ya TBS Kanda ya Kusini, hapa Mtwara, ikiwa na risiti na boksi lake. Ikiwa ni bidhaa bandia, Tume ya Ushindani nayo ina mamlaka ya kuishughulikia.

Mezani hapa nimeweka betri tatu zilizomalizwa chaji. Moja si ya kweli. Zipitisheni mkono kwa mkono, kila mmoja apime uzito kiganjani, kisha tutasikiliza maswali.