Vijana Wetu na Vyombo vya Mkopo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kisauni)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya jambo ambalo mwaka huu limewaleta wazee wengi mlangoni pa ofisi yetu, nalo ni pikipiki, tuktuk na magari ambayo vijana wetu huyachukua kwa mkopo. Mimi ni karani, si wakili wala mfanya biashara. Kazi yangu ni kusoma karatasi. Na kwa kuwa karatasi hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, tena kwa herufi ndogo mno, wazee huja nazo niwasomee. La kusikitisha ni kwamba aghalabu huja nazo baada ya kutiwa sahihi.

Sikusudii kuulaumu mkopo wenyewe. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, bodaboda imekuwa riziki ya nyumba nyingi. Kutoka Bombolulu mpaka Mlaleo, Mtopanga, Kiembeni na Utange, kijana aliyemaliza kidato cha nne akakosa kazi bandarini na hotelini hana milango mingi ya kubisha. Babaye hana laki moja na nusu ya kumpa. Mwenye kumwambia, "Lete shilingi elfu ishirini, uondoke na chombo leo," amemfungulia mlango, na hatuwezi kumlaumu kijana kwa kuingia. Twataka tu ajue ni nyumba ya nani.

Muulizeni kijana bei ya pikipiki yake. Hatakutajia bei. Atakwambia, "Mia nne na hamsini kwa siku, mzee." Hiyo ndiyo bei aliyoambiwa, na ndiyo aliyoinunua. Hakununua pikipiki, alinunua mia nne na hamsini.

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano unaofanana na karatasi nilizozisoma. Tuseme pikipiki kwa fedha taslimu ni shilingi 160,000. Kijana atoa arubuni ya 20,000, akabaki na deni la 140,000. Atalipa 450 kila siku kwa miezi 18, yaani siku 540. Zidisheni: ni shilingi 243,000. Ongezeni arubuni, jumla ni 263,000. Kwa hiyo, juu ya bei ya dukani, amelipa shilingi 103,000 zaidi. Kwa fedha hizo, na nyingine 57,000, angalipata pikipiki ya pili.

Mwenye kukopesha atasema kwamba riba yake ni asilimia 4 tu kwa mwezi, na maneno hayo kwa upande mmoja ni kweli. Lakini asilimia hiyo huhesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, tangu mwezi wa kwanza hata wa mwisho. Mwezi wa kumi na saba kijana amekwisha kulipa karibu deni zima, na bado atozwa riba kana kwamba hajapunguza hata senti. Tukihesabu kwa deni linalobaki kweli mkononi mwake, riba hiyo yafika zaidi ya asilimia 6 na nusu kwa mwezi. Nilipomwonyesha mzee mmoja hesabu hii alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekosea. Tukairudia mara mbili.

Wanachama wenzangu Waislamu wataniwia radhi nikigusa jambo wanalolijua kuliko mimi. Katika biashara ya murabaha muuzaji hulazimika kumwambia mnunuzi bei aliyonunulia na faida anayoitaka, kabla ya kupeana mkono, na faida hiyo haiongezeki mnunuzi akichelewa. Zimo benki nchini zifanyazo biashara hiyo. Gulf African Bank ilianza kazi mwaka 2008. Sisemi kwamba kila kijana atapokelewa huko, kwa maana benki hutaka mengi. Nasema tu kwamba kuitaja bei yote waziwazi ni jambo linalowezekana, na asiyetaka kuitaja ana sababu yake.

Iko na mikopo iliyohesabiwa kwa dola, ingawa kijana alipewa shilingi na hulipa kwa shilingi. Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilifika kama 160. Mtu aliyepaswa kulipa dola 50 kila awamu alianza kwa shilingi 6,150, na baada ya mwaka mmoja alitakiwa 8,000, na abiria wake wa Bamburi bado walimlipa nauli ile ile. Baadaye katika mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu tena, ikarudi kwenye 130 hivi. Lakini waliokwisha kushindwa kulipa walikuwa wamekwisha kunyang'anywa. Mwendesha tuktuk hana haja na bei ya dola. Neno "dola" likionekana popote katika karatasi, karatasi hiyo irudishwe mezani.

Sasa nitawaeleza habari ya kijana mmoja wa mtaa wetu, bila kumtaja, wala kumtaja aliyemkopesha. Alichukua tuktuk. Alitoa arubuni ya shilingi 90,000, fedha ambazo mamake alizipata kwa upatu, akaahidi kulipa 24,000 kila mwezi kwa miezi 24. Alilipa miezi kumi na minne bila kukosa. Mwezi wa kumi na tano alianguka, akavunjika mguu, akalala siku nyingi. Aliwapigia simu kuwaarifu, akaambiwa wamesikia. Usiku mmoja watu wakaja na gari la kuvuta, wakaichukua tuktuk uani, kwa maana ndani yake kimefungwa kifaa kinachoonyesha kilipo chombo saa zote. Kulipokucha alidaiwa malipo yaliyochelewa, na gharama ya kuvutwa, na ada ya kuegesha kwa kila siku iliyopita. Kabla hajazipata, chombo kiliuzwa. Nacho kiliuzwa kwa bei ndogo, ikaja barua ya kudai baki. Barua haikuandikwa kwake yeye. Iliandikwa kwa babake, aliyekuwa mdhamini, mzee aliyestaafu bandarini.

Mzee huyo aliniuliza, "Mwanangu, mimi nilitia sahihi kuwa namjua mtoto wangu. Deni hili limenijiaje?" Wazee wangu, kudhamini si kushuhudia. Shahidi husema, "Nimeona." Mdhamini husema, "Asipolipa yeye, nitalipa mimi." Wakopeshaji wengine hulitamka neno hilo kwa upole sana, wakasema ni sahihi ya mzazi tu, ya kutimiza utaratibu. Sidhani kuna karatasi hata moja katika nilizozisoma ambayo sahihi ya mzazi ilikuwa ya utaratibu tu.

Nilikaa na karatasi za kijana huyo usiku kucha, kwa sababu tunayo Sheria ya Kenya iliyotungwa mwaka 1968 juu ya ununuzi wa kukodisha, yaani ule ambao mtu hulipa kidogo kidogo na chombo hubaki mali ya muuzaji mpaka malipo ya mwisho. Sheria hiyo yasema kwamba mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei yote, muuzaji hana ruhusa ya kumnyang'anya chombo kwa nguvu zake mwenyewe. Hana budi kwenda kortini. Tena yataka mnunuzi aelezwe kwa maandishi bei ya fedha taslimu kabla ya kufunga mkataba, na mkataba uandikishwe kwa Msajili. Basi nikahesabu. Bei yote ya tuktuk ile ilikuwa 666,000, na theluthi mbili zake ni 444,000. Kijana alikuwa amelipa 426,000. Zilipungua shilingi 18,000, yaani malipo ya siku ishirini na mbili au tatu.

Hata hivyo nilipoirudia karatasi niliona kwamba hata hizo 18,000 zisingalimfaa kwa njia hiyo. Kichwa chake hakikusema ununuzi wa kukodisha. Kilisema mkopo wa fedha kwa dhamana ya chombo, na jina la mkopeshaji liliandikwa pamoja na jina la kijana katika cheti cha umiliki, kile tukiitacho logibuku. Mikopo ya namna hiyo hutazamwa kwa sheria nyingine, ya mwaka 2017, juu ya dhamana za mali inayohamishika, na ile kinga ya theluthi mbili haimo. Vyombo viwili vyaweza kusimama pamoja stejini pa Mwembe Legeza, vya rangi moja na malipo sawa, na mwenye kimoja ana kinga ambayo mwenziwe hana. Tofauti ni maneno machache juu ya karatasi ambayo hawakuisoma.

Juu ya magari ya yadi sitasema mengi, maana wachache wetu huyafikia. Kijana atakaye gari la teksi huombwa arubuni kubwa, pengine nusu ya bei, na baki ailipe katika mwaka mmoja. Logibuku hubaki kwa jina la yadi, na ufunguo wa pili hubaki mkononi mwao. Hapo swali ni moja: akimaliza kulipa, cheti kitageuzwa kwa jina lake katika siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Jibu liandikwe. Yadi ikifungwa au ikiwa na madeni yake yenyewe, kijana aliyelipa yote akabaki bila cheti atapata taabu kuthibitisha haki yake.

Aliyedhulumiwa hana sababu ya kukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kuelezwa habari anazohitaji, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ilifuata mwaka 2012. Mwaka 2024 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Mogo Auto faini iliyopita shilingi milioni 10 baada ya malalamiko ya wateja waliopotoshwa. Mwisho wa mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Benki Kuu iwasimamie pia wakopeshaji wasiopokea amana za watu, ambao kabla yake wengi wao hawakuwa na msimamizi. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo yapo Mombasa pia. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukumu yatakiwa itoke katika siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili. Wengi wetu huliogopa neno korti. Lakini atakayekwenda na risiti zake zote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, atasikilizwa vizuri kuliko aliyezitupa. Malipo ya simu nayo ni risiti, yasifutwe.

Nilifanya na hesabu nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niiombe Kamati nafasi hii. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Zile 140,000 za mfano wetu zikikopwa huko kwa miezi 18, kijana atalipa kama 8,540 kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 290 kwa siku mahali pa 450. Ziada yote haifiki 14,000. Kule kwingine ilikuwa 103,000. Kikwazo ni kwamba Sacco kwa kawaida hutaka mtu awe ameweka akiba ya theluthi ya mkopo, karibu 47,000, nayo yahitaji miezi minane ya kuweka 200 kila siku. Kijana atasema hana miezi minane ya kungoja, na mwenye njaa asemapo hivyo hatumcheki. Lakini wengi wao huanza kwa kuendesha pikipiki ya mwingine na kumpelekea fedha zake kila jioni. Ni katika miezi hiyo ndipo akiba yaweza kuanza, ikiwa nyumbani yupo wa kumhimiza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka hoja mbele ya Mkutano. Kwanza, mwanachama yeyote asiingie udhamini wa chombo kabla karatasi haijasomwa ofisini kwa Kiswahili, mbele yake na mbele ya kijana. Mkopeshaji akikataa karatasi isitoke dukani kabla ya sahihi, tulihesabu hilo kuwa jibu. Pili, Kamati iende kuzungumza na Sacco zilizo karibu nasi, tujue ni ipi itakayowapokea vijana wetu kwa kikundi, na Chama kiandike barua ya kuwatambulisha. Tatu, Mkutano uamue kama twaweza kumsaidia yule mzee wa bandarini apeleke shauri lake Mahakama ya Madai Madogo, maana baki anayodaiwa haijafika milioni, na bei ambayo tuktuk iliuzwa yastahili kuulizwa.

Mimi nitakuwepo ofisini kila Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwenye karatasi na aje nayo, hata kama amekwisha kutia sahihi, na aje na risiti.