Mtoto Asiyetulia: Mchezo Kwanza, Kitabu Baadaye



Katika vijiji tunavyotembelea, hatukosi kuambiwa habari za mtoto fulani: "Huyu ni mtundu kupita kiasi. Hakai chini, hamalizi kazi. Ukimtuma chumvi, anarudi bila chumvi na bila pesa." Wengine wanasema amerogwa, wengine ati mama yake hajui kulea. Basi mtoto anapigwa nyumbani, na pengine shuleni pia, ingawa viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Mwishowe anachoka na kuacha masomo. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuizuia.

Tuelewane. Wako watoto ambao ubongo wao hupata shida kutuliza mwili na kushika jambo moja kwa muda. Madaktari huiita hali hiyo ADHD. Si laana wala ukaidi, na mara nyingi huonekana katika jamaa moja. Lakini si kila mtundu anayo. Dalili huwa zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Wa kuamua ni mtaalamu wa afya, si jirani. Masikio na macho nayo yapimwe, maana asiyesikia vizuri huonekana kama asiyetii.

Sasa, mwili unaotaka kwenda tuupe njia. Mwaka wa 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto 40 wa miaka 8 hadi 10, nusu yao wakiwa na ADHD. Baada ya kutembea kwa mashine dakika 20, walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu kuliko baada ya kukaa tu na kitabu. Sisi hatuhitaji mashine. Tuna uwanja na kamba.

Anzeni hivi:

1. Kabla ya kazi ya shule jioni, aruke kamba au acheze kati dakika 20. Kisha akae dakika 10, ainuke kidogo, arudi.

2. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. "Lete mtungi." Akiuleta, ndipo useme la pili.

3. Katika mchezo, msimweke kwenye foleni ndefu. Gawanyeni vikundi vidogo, naye mpeni kazi, kama kuokota mipira.

4. Akifanya vyema, msifu papo hapo, usingoje jioni.

5. Usimnyime mchezo kama adhabu. Mwombe mwalimu asimzuie darasani wakati wa mapumziko, na amtume kufuta ubao au kugawa vitabu.

Mchezo husaidia, lakini hauponyi. Aliyepewa dawa na daktari asiachishwe. Kwa shida ya masomo, muulizeni mwalimu mkuu mahali kilipo kituo cha EARC. Vituo hivyo vya kupima watoto vilianza nchini mwaka wa 1984.

Neno la mwisho ni kwa kikundi. Mama wa mtoto huyu amechoka, tena anaona haya kuja mkutanoni. Kama mnavyopeana zamu ya michango, peaneni pia zamu ya uwanja: alasiri moja kila wiki, wazazi wawili, watoto wote pamoja. Katika mkutano ujao, andikeni siku na majina kwenye kitabu cha kikundi. Halafu mmoja wenu aende kumwita yule mama.