Tope Tele, Mlo Haba: Ulaji wa Planktoni Wanyama kwenye Milango ya Mito



Ukichota ndoo ya maji pale mto mkubwa unapokutana na bahari, utapata maji ya rangi ya udongo yaliyojaa mashapo, vipande vya majani na mabaki ya kila namna. Ukipima kaboni iliyotokana na viumbe, utasema chakula ni tele. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho peke yake kinatupotosha. Planktoni wanyama, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini ambao ndio mlo wa samaki wengi wachanga, wanaweza kukaa na njaa ndani ya maji hayohayo. Wao huchagua, na wanachokichagua kwa sehemu kubwa ni kile kilicho hai.

Nianze na jinsi wanavyokula. Kopepoda, ambao mara nyingi ndio planktoni wanyama walio wengi kuliko wote katika maji haya, wana urefu wa milimita moja hivi au pungufu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba viungo vyao vya mdomoni hufanya kazi ya chujio. Mwaka 1981 Mimi Koehl na Rudi Strickler walichapisha matokeo ya filamu za kasi yaliyobadilisha fikra hiyo. Kwa mnyama mdogo kiasi hicho maji ni mazito kama asali, wala hayapenyi kirahisi katikati ya vinyweleo vyake. Kwa hiyo kopepoda huyasukuma maji yampitie, na punje inapokaribia hufungua viungo vyake na kuivuta pamoja na maji yanayoizunguka. Akishaikamata anaweza kuila au kuitupa. Acartia tonsa, anayefahamika sana katika ghuba ya Chesapeake, ana njia mbili: mwani mdogo usiojongea huuletea mkondo, lakini viumbe vya seli moja vinavyoogelea huviotea kimya mpaka mtikisiko wao umfikie, kisha huvirukia. Mnyama wa namna hii hawezi kuhesabiwa kuwa mla chochote kinachopita.

Mfano ninaouona kuwa na funzo kubwa kuliko yote ni wa San Francisco, Marekani, ambako mito Sacramento na San Joaquin huingia baharini. Mwaka 1986 kombe wa kutoka Asia, Potamocorbula amurensis, aligunduliwa huko. Alienea haraka, akachuja maji mchana na usiku. Kuanzia 1987 ustawi wa mwani wa kiangazi katika ghuba ya Suisun ukaporomoka, na kopepoda Eurytemora affinis, aliyekuwa chakula kikuu cha samaki wadogo, akakaribia kutoweka katika miezi ya kiangazi. Alipigwa mara mbili: kombe walimnyang'anya mwani, na walikula pia watoto wake wachanga. Mabaki ya mimea yaliyoletwa na mito yaliendelea kuwapo muda wote huo, lakini hayakuweza kumwokoa.

Upande wa juu, kwenye delta ya maji baridi ya mito hiyo, Anke Müller-Solger na wenzake walilisha dafnia, planktoni wanyama wa maji baridi, kwa maji ya sehemu mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Mabaki ndiyo yaliyotawala katika maji hayo, lakini ukuaji wa dafnia ulifuata kiasi cha mwani. Klorofili, rangi ya kijani ya mwani, ilipokuwa chini ya takriban mikrogramu 10 kwa lita, walidumaa. Nchini India, kwenye mikoko ya mto Godavari, Steven Bouillon na wenzake walitumia isotopu za kaboni na naitrojeni, nao wakaona mwaka 2000 kwamba miili ya planktoni wanyama haikufanana na tope walimoishi. Walikuwa wameupendelea mwani.

Sisemi kwamba mabaki hayana kazi. Bakteria huyala, viumbe vya seli moja hula bakteria, na kopepoda huvila viumbe hivyo. Majaribio ya Donald Heinle na wenzake katika miaka ya 1970 yalionyesha kuwa Eurytemora hutaga vizuri kwa mabaki yaliyosheheni vijidudu hai, si kwa mabaki matupu. Ila kila hatua hupoteza sehemu kubwa ya nishati, hivyo tani ya majani ya mkoko haiwezi kuhesabiwa sawa na tani ya mwani.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja kwenye delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko na uvuvi muhimu wa kamba. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linazuia mashapo. Tope likipungua, mwanga hupenya zaidi na mwani unaweza kustawi. Lakini bwawa huzuia pia silika na virutubisho ambavyo mwani huvihitaji. Nguvu hizi mbili zinavutana, na mshindi atajulikana kwa kupima mwani na viumbe vya seli moja, si kwa kupima jumla ya kaboni.

Napendekeza basi tusitegemee kipimo cha klorofili iliyomo tumboni mwa kopepoda peke yake, kwa kuwa hakioni mlo usio na rangi ya kijani. Tuchukue sampuli usiku pia, kwani kopepoda wengi hujificha chini mchana wakiwaogopa samaki, na hula zaidi giza linapoingia. Tuzingatie vilevile maji kujaa na kupwa.

La mwisho ni wavu wa kuchukulia sampuli. Mwaka 1993 kopepoda mdogo sana, Limnoithona tetraspina, alionekana San Francisco. Ana nusu milimita tu, na hula viumbe vinavyoogelea, si mwani uliotulia. Wafuatiliaji wa huko, wanaotumia wavu wa matundu ya mikromita 154, humpata ipasavyo kwa sababu huvuta pia maji kwa pampu na kuyachuja kwa mikromita 43. Sisi tukitumia wavu wa mikromita 200 pekee, wadogo wa aina hiyo na watoto wa kopepoda watapita, nasi tutaandika kwamba hawapo.