Kinda wa Mnana

Upepo wa kusi ulimwangusha kinda wa mnana chini ya mnazi wetu hapa Kilifi. Mwanangu akamwokota. Kwa huruma nikamtia maji mdomoni. Yakamwingia njia ya pumzi, akafa mkononi mwangu. Mzee jirani akaniambia, "Bwana Kasisi, kinda hanyweshwi, maji huyapata katika chakula. Ungemrudisha kiotani, mamaye angemlisha. Harufu ya mkono haimfukuzi mama."

Ndugu zangu, huruma bila maarifa yaweza kuua. Tumwonapo mtoto yatima, tusiharakishe kumpeleka mbali. Tuulize kwanza: yuko wapi shangazi? Yuko wapi nyanya? Baba wa mbinguni amwonaye shomoro aangukaye, atufundishe kuinua vema. Amina.