Kidole na Kitenzi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dar es Salaam)



Sina budi kwanza kuishukuru Kamati kwa kunipa dakika hizi chache kabla ya chakula. Katibu alipoomba niseme juu ya kazi yangu, nilimjibu kwamba nabuni njia za kusahihisha maandishi kwa kidole kwenye simu za kupangusa. Akaniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Ni kazi, ndugu zangu, na nitawaeleza jinsi ilivyonipata.

Mwaka 2014 nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu katika duka lake la khanga na vitenge vya jumla hapa Mchafukoge. Mitaa ile mnaijua: ukivuka Mnazi Mmoja ukitokea Kariakoo umefika, mikokoteni imeziba njia, na kila karani ana marobota miguuni na simu mkononi. Siku moja nilimwandikia mama mmoja, mteja wetu wa Mahenge: "Mzigo tumeutuma." Mzigo wenyewe ulikuwa bado sakafuni. Kosa nililiona kabla ya kutuma. Kilichotakiwa ni kutoa "me" na kutia "ta", basi. Nikagusa katikati ya neno, kile kimstari kinachopepesa kikarukia mwisho. Nikagusa tena, neno zima likapakwa rangi. Huku mchukuzi anauliza robota liende wapi, huku mjomba ananiita. Nikabonyeza nikidhani nafuta, kumbe nimetuma. Nikasema moyoni nitamwandikia tena baadaye, nikasahau.

Mama yule aliteremka mpaka Ifakara, akalala siku mbili nyumba ya wageni akiungojea mzigo ambao haujafungwa. Alipopiga simu hakugomba. Aliomba arudishiwe fedha zake zilizobaki, na tangu siku ile hakununua kwetu tena. Mjomba naye hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi.

Mtasema ni uzembe. Sikatai. Lakini nilipotulia nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili, yule aliyekuwa akikikata kitenzi ubaoni kwa chaki kama mtu anayekata muwa. Chukueni neno "hatutawapelekea". Lina herufi 15, na ndani yake mna kukana, mna mtenda, mna wakati, mna mtendewa. Mwingereza akitaka kusema hayo hutumia maneno matano au sita yaliyoachana kwa nafasi. Akikosea moja, analigusa mara mbili, linashikwa peke yake, anaandika jingine. Sisi tukigusa mara mbili tunashika sentensi nzima, maana kosa letu hukaa tumboni mwa neno. Na katika simu za iPhone, ukigusa mara moja tu, kimstari hupelekwa kwenye ukingo wa neno, mwanzo au mwisho. Kwa lugha yao ni msaada. Kwa yetu ni kama dereva anayekushusha kila mara kituo kisicho chako.

Mambo haya yana historia yake. Kukata na kubandika kwa namna tunayoijua leo kulitengenezwa katikati ya miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott, katika maabara ya Xerox huko California, kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu. Wale walikuwa na meza, kibodi kubwa, na kipanya chenye mshale mwembamba. Kidole si mshale. Ncha yake hufunika herufi kadhaa kwa mpigo, na kile unachotaka kukiona ndicho kinachofichwa. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, haikuwa na kukata wala kubandika. Vilikuja mwaka 2009. Ilikuwa na kioo cha kukuza herufi juu ya kidole, kikaondolewa mwaka 2019, kikarudishwa mwaka 2021. Nawatajia haya ili msidhani kwamba wakubwa wa kazi hii wameshamaliza kujua.

Njia iliyo bora mpaka sasa, kwa maoni yangu, ni kutelezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, ili kimstari kisogee bila kufunikwa. Simu nyingi zinayo, na naamini nusu ya ukumbi huu haijui. Kasoro yake ni kwamba husogea herufi moja moja, na kidole chenye jasho hupitiliza. Mimi na wenzangu wawili tunajaribu kibodi ambamo kimstari huruka silabi: ha-tu-ta-wa-pe-le-ke-a. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo simu huzikata bila taabu, na viambishi vingi hukaa mlemle kwenye silabi. Si vyote. "Aliyemwambia" linatushinda, kwa sababu "mw" imeshikana na "ambia" na silabi haijui mpaka uko wapi. Hapo tunarudi kwenye herufi.

Shida kubwa zaidi ni kwamba ishara ya kidole haionekani. Kitufe kinajitangaza, ishara inangoja uambiwe. Makarani wa Mchafukoge tuliowaonyesha waliipenda, lakini hakuna aliyeigundua mwenyewe, hata mmoja.

Wapo wanaoniambia niache, kwamba siku hizi watu hutumiana sauti. Kweli, Kariakoo nzima inazungumza na simu. Lakini sauti nayo ukikosea unaanza upya, na siku ya kugombania hesabu kila mtu hutafuta maandishi. WhatsApp iliruhusu kusahihisha ujumbe uliokwisha kutumwa mwaka 2023, ndani ya dakika 15. Mama wa Mahenge angekuwa bado anatafuta viatu.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia. Simu tatu za majaribio ziko mezani, karibu na birika la chai. Kila moja ina sentensi "Mzigo tumeutuma". Nawaomba mpite, hasa ninyi wenye miwani na vidole vinene, mwigeuze iwe "tutautuma". Nitasimama pembeni kimya. Tafadhali msinionee haya mkishindwa. Nitaandika mahali mlipokwama.