Kabati la jikoni: tuulize kwanza mwenye nyumba

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili kwenye mkutano wa Baraka

 

Komite iliniomba niseme juu ya makabati ya jikoni. Ninaona wengine wanacheka kidogo. Wanasema: mutu amerudi, shamba lake liko mikononi mwa mwingine, mutoto hana pesa ya masomo, na wewe unakuja kutuambia habari ya kabati? Ndiyo, nitasema kabati. Franga za chama zilitoka juu yake, na mbao ingine iko depo inangoja fundi. Leo mutapiga kura kuamua itengenezwe namna gani. Mbele ya kupiga kura, musikie kosa langu.

Mwaka jana shirika ninalofanyia kazi pamoja na komite tuliona kwamba nyumba nyingi za waliorudi hazina fasi ya kuweka vyombo. Sahani ziko chini, unga uko chini, kuku anapita juu yake. Tukasema tutatoa makabati. Mimi mwenyewe njo nilichora ile kabati kwenye karatasi, ofisini. Nilichora moja tu: la kusimama, rafu tatu, milango miwili ya mbao, na kufuli. Fundi akatengeneza yote sawasawa. Tukayapanga musitari, tukapiga picha, ripoti ikaenda. Ilikuwa rahisi sana kuhesabu.

Kisha miezi sita nikarudi kutembelea. Nyumba ya kwanza, kabati nililikuta katika chumba cha kulala, limejaa vikwembe na makaratasi ya batoto. Sahani zilikuwa palepale chini. Mama akaniambia: «Mwanangu, jiko langu ni hatua tatu kwa tatu. Nikiingiza ile kitu, mimi nitakaa wapi nigeuze bugali?» Nyumba ya pili, mchwa ulikuwa umekula miguu, kabati limeinama kama mulevi. Nyumba ya tatu, maharagi yalikuwa yameota kuvu ndani, juu milango ya mbao ilifunga hewa kabisa. Hakuna hata mutu mumoja aliyekuja ofisini kulalamika. Zawadi hailalamikiwi. Lakini mimi nilirudi na haya.

Kabati halikuwa baya. Fundi wetu anajua kazi yake. Ubaya ni kwamba nilichagua kabati sijaona jiko. Kwa hiyo leo ninawaomba tuanze upande mwingine: tuangalie kwanza ukuta, moshi, maji na wadudu, na mikono ya mwenye kupika. Hivyo vine ndivyo vinachagua kabati.

Ukuta. Wengi kati yetu tumejenga kwa tofali za udongo ambazo hazikuchomwa. Ukipigilia musumari na kutundika kabati zito, siku chache tu udongo unabomoka, kabati linaanguka na sahani zake, na pengine kuna mutoto chini. Ukuta kama ule haubebi kitu cha kuning’inia. Rafu yake lazima isimame chini kwa nguzo zake yenyewe. Mwenye tofali za kuchoma anaweza kutundika. Mwenye nyumba ya mbao anaweza pia, lakini apigilie kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba katikati.

Na kama nyumba haijaisha, kuna njia ya bei ndogo kuliko zote: muachie shimo ndani ya ukuta wakati wa kujenga, kama dirisha lisilotoboka upande wa pili. Muweke kipande cha mbao ngumu juu yake kibebe tofali. Shimo lisiwe pana sana, lisiwe kwenye kona ya nyumba, na ukuta uwe munene. Ukisha kujenga, usichimbe tena, juu utadhoofisha ukuta.

Moshi. Mwenye kupikia nje au katika kibanda kwa mafiga na kuni, asitie kabati la vyakula mule ndani. Moshi unaingia katika unga, masizi yanakaa juu ya kila sahani. Huyu anafaa rafu ndogo tu ya sufuria na mwiko, ya wazi, inayopanguswa haraka. Kabati lenyewe likae ndani ya nyumba, mbali na moto. Mwenye kupikia makala kwenye mbabula, moshi wake ni kidogo, lakini cheche zinaruka. Aache nafasi ya hatua moja na nusu kati ya mbabula na mbao. Na mbabula isiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wanalala. Hilo tumelisema mara nyingi, ninalirudilia.

Maji na wadudu. Hapa karibu na ziwa, wakati wa mvua hata chumvi inalia. Kabati la chakula linataka hewa. Badala ya mlango wa mbao nzima, muweke fremu yenye wavu wa waya, kama yale makabati ya kuhifadhia chakula ambayo wazee wetu waliita gardemanje. Nzi hapiti, panya hapiti, hewa inapita. Ninawaomba sana musitumie chandarua cha hospitali. Chandarua ni cha kulalia, na panya anakitoboa usiku mumoja.

Miguu iwe mirefu, sentimeta 20 hivi, ili fagio lipite chini. Kila muguu ukae ndani ya kopo la nyanya lililotiwa maji kidogo, sisimizi hawatapanda. Mbao ya muguu ipakwe vidanje ya gari kabla, na ikauke kabisa kabla ya kuingia nyumbani. Vidanje iishie kwenye muguu, isiguse rafu ya chakula. Kabati lisiguse ukuta: muache nafasi ya kiganja. Mchwa ukijenga njia yake ya udongo, utauona na kuibomoa. Likigusa ukuta, mchwa unapita nyuma na wewe hujui, kama ilivyotokea kwa lile kabati langu.

Tena, sisi wa Fizi na Uvira tunajua kipindupindu. Kinatuondokea, kinarudi. Kwa hiyo kila kabati liwe na fasi ya bidoni ya maji ya kunywa, imefunikwa, pamoja na kopo lake la kuchotea lisilofanya kazi ingine. Sahani zilizooshwa zikauke juani kwenye kichanja, ndipo ziingie kabatini. Kichanja wengi mulikizoea kule Nyarugusu. Ni mbao chache tu, na kinasaidia kuliko mlango wa kupendeza.

Mikono ya mwenye kupika. Rafu ya vitu vya kila siku iwe kati ya kiuno na macho ya mama mwenyewe, si ya fundi. Upana wa kwenda ndani uwe wa sufuria kubwa ya nyumba pamoja na vidole viwili. Zaidi ya hapo, vitu vya nyuma vinasahauliwa. Petroli, dawa ya mashamba na dawa za hospitali visikae pamoja na chakula hata siku moja. Vitafutiwe fasi yao, juu, chini ya kufuli, mutoto asifike.

Sasa niseme juu ya watu wawili, kisha nimalize.

Mama mumoja mujane nilimuuliza anataka kabati la namna gani. Akasema: «Lile linaloweza kufunguliwa vipande.» Nikamuuliza sababu. Akanihesabia kwa vidole majiko aliyoacha: la kijijini, la kambini, la Baraka mara ya kwanza. «Kila mara niliacha kila kitu. Sitaki tena kulilia mbao.» Fundi akamutengenezea kabati la visi, si la misumari. Linafunguka, mbao zinafungwa kamba, watu wawili wanabeba.

Muzee mumoja, jirani yake tu, yeye alikataa kabati kabisa. Alitaka mashimo ndani ya ukuta, matatu, upande wa bibi yake. Nikamwambia: baba, shimo halibebwi mukihama. Akanijibu: «Ninajua. Mimi sibebi tena.»

Bandugu, ningekuwa ofisini na karatasi yangu, ningewapa hawa wawili kabati moja. Na wote wawili wangenishukuru.

Ndiyo maana ninaleta ombi hili mbele ya kura. Karatasi ya bajeti inasema: kabati moja kwa kila nyumba, umbo moja. Ninaomba tuandike: mbao sawa kwa kila nyumba, umbo achague mwenyewe. Anayetaka la kusimama, la visi, rafu ya wazi, gardemanje ndogo, au kipande cha juu ya shimo pamoja na kichanja, apate. Mbao ikibaki kwake, imutengenezee kiti au kifuniko cha bidoni. Hivyo hakutakuwa na wivu kwamba jirani alipata kikubwa: hesabu ni ya mbao, na daftari litasomwa hapa mbele ya wote.

Fundi atakwenda kwanza kupima jiko, kisha njo akate. Tena tusimuharakishe: mbao mbichi ya ukaliptusi inapinda, mlango unakataa kufunga. Ikaushwe kivulini, imepangwa na vijiti katikati, hata kama tutangoja mwezi zaidi.

Kwa ninyi wafadhili, ninajua munachopoteza. Picha haitakuwa na makabati yaliyopangwa musitari. Ripoti itakuwa ndefu na ngumu kuhesabu. Hiyo ni kazi yangu, nitaifanya. Munachopata ni kwamba mukirudi kisha miezi sita mutakuta sahani ndani ya kabati, si vikwembe.

Na kwa wale ambao makabati yangu ya kwanza yaliwashinda: fundi atapita kwenu mbele ya wengine. Miguu iliyoliwa itabadilishwa, milango itatobolewa na kutiwa wavu. Kama kabati limekuwa la nguo na munalipenda hivyo, libaki. Hakuna mutu atakayewauliza kwa nini.

Ninaomba tu kitu kimoja. Safari hii ajenti akija na karatasi yenye mchoro tayari, hata akiwa mimi, musimushukuru haraka. Mumushike mukono, mumuingize jikoni, mumuambie: keti hapa, tazama.