Silaha ya Rafiki na Mkono wa Mwenye Nchi



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wanafunzi wetu huliuliza wanapofika kwenye somo la ukombozi wa Afrika: Je, taifa lililovamiwa likipokea silaha nzito kutoka ng'ambo, limejikomboa au limebadilisha bwana? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kaulimbiu. Napenda tulijibu kwa kuitazama Angola ya mwaka 1975.

Kwa mapatano ya Alvor ya Januari 1975, Wareno walikubali kuondoka Angola tarehe 11 Novemba mwaka huo. Lakini vyama vitatu vilivyotia sahihi pamoja nao, yaani MPLA, FNLA na UNITA, vilishindwa kukaa pamoja. Tarehe 14 Oktoba majeshi ya makaburu wa Afrika Kusini yaliingia kutoka Namibia na kupanda kaskazini kwa kasi. Upande wa pili FNLA ya Holden Roberto, ikisaidiwa na askari wa Zaire, ilikwisha kuukaribia mji wa Luanda. Shabaha ilikuwa kuuteka mji mkuu kabla bendera ya uhuru haijapandishwa.

Tarehe 10 Novemba Roberto alishambulia kwa njia ya Quifangondo, mahali penye mto Bengo, kilometa 20 hivi kutoka Luanda. Barabara ya hapo ni nyembamba na imebanwa na maji na matope. Washauri wake wa Kikaburu walimwonya asipite huko, hakusikia. Ng'ambo ya mto walimsubiri wapiganaji wa FAPLA, jeshi la MPLA, pamoja na askari wa Cuba wenye mizinga ya roketi aina ya BM-21, iliyotoka Muungano wa Kisovieti. Lori moja la mzinga huo lina mitutu 40, na roketi zote 40 huweza kurushwa kwa sekunde 20 hivi na kufika umbali wa kilometa 20. Msafara ulionaswa katika njia kama ile haukuwa na pa kukimbilia. Usiku ule ule Agostinho Neto alitangaza uhuru mjini Luanda.

Ndugu zangu, katika habari hii mna mafunzo matatu.

Kwanza, aliyevamiwa ana haki ya kuomba msaada. Wapo wanaosema kwamba FNLA na UNITA nao waliwaalika marafiki zao, hivyo hakuna tofauti. Hoja hii ilikuwa na uzito hata katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika: katika mkutano wa Addis Ababa wa Januari 1976, nchi 22, Tanzania ikiwamo, ziliunga mkono serikali ya MPLA, na nchi 22 nyingine zikataka serikali ya pamoja. Lakini utawala wa makaburu uliowanyima Waafrika haki nyumbani kwake, na kuikalia Namibia kinyume cha sheria, haukuweza kugeuka mlinzi wa uhuru wa Mwafrika Angola. Tarehe 31 Machi 1976 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo kwa azimio namba 387.

Pili, silaha haipigani yenyewe. FNLA nayo ilikuwa na mizinga ya kigeni, mingine ya Afrika Kusini na mingine ya Korea ya Kaskazini iliyopitia Zaire. Haikuiokoa. Upande wa MPLA, wakufunzi wa Cuba wapatao 480 walikwisha kufika tangu Oktoba ili kuwafundisha Waangola. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona akiwa amelala. Sharti ajifunze kuishika dawa kwa mkono wake.

Tatu, msaada una gharama, na kuificha gharama hiyo ni kuwadanganya watoto wetu. Silaha huita silaha. Makaburu, walipoonja BM-21, walijitengenezea mzinga wao wa roketi, Valkiri. Kuanzia mwaka 1986 Marekani iliipa UNITA makombora ya kutungulia ndege. Wacuba wa mwisho waliondoka Mei 1991, na bado Waangola waliendelea kuuana hadi Aprili 2002. Roketi ziliiokoa Luanda. Hazikuweza kuwapatanisha Waangola.

Tena mwenye kutoa silaha hushika kamba yake. Urusi ilipoivamia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, Marekani iliahidi mwezi Juni kuipelekea mizinga ya roketi ya HIMARS, baada ya Ukraine kuthibitisha kwamba haitairusha ndani ya ardhi ya Urusi. Tazameni jinsi dunia inavyogeuka: Moscow iliyotoa mizinga kwa mvamiwa mwaka 1975 ndiyo iliyovamia mwaka 2022. Kwa hiyo tusipime haki kwa jina la mtoaji. Tuipime kwa hali ya anayepokea na kwa kitendo cha anayeshambulia.

Ndugu walimu, mwanafunzi akikuuliza tena swali lile, mpe maswali matatu ayachunguze. Nani amevuka mpaka wa mwenzake? Nani anaamua silaha itumike wapi na lini? Na siku bunduki zikinyamaza, nani atabaki na nchi? Taifa linaloweza kujibu la pili na la tatu kwa kusema "ni sisi", hilo limepokea msaada. Lisiloweza limekopa bwana, na deni la namna hiyo hulipwa na wajukuu.